Frekja Hakupita Kwangu

Kondoo hajazaliwa wa kunipita mimi. Nimeyasema haya mbele ya watu, nimeyasema kwenye simu, na Ijumaa ile tulipokuwa tunaelekea kaskazini kwenye harusi ya Bergur na Dagný niliyasema kuanzia Reykjavík mpaka barabara ikaishiwa lami. Bergur, bwana harusi mwenyewe, ndiye aliyekuwa anaendesha. Aliniuliza mara moja tu utaalamu huo niliupata wapi.

"Damu," nikamjibu. "Babu yangu alifuga. Na mimi mwenyewe nimelea."

Sikutaja kwamba nilimlea mwanakondoo mmoja, kwa chupa ya maziwa, nikiwa mtoto wa shule, na kwamba mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Mambo ya ndani ya familia hayatangazwi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya vituko tangu kwenye mwaliko. Marafiki zetu wengine wakioana hutupeleka Uhispania, tukababuka na jua mpaka tukafanana na kamba wa kuchemsha. Hawa wawili walichagua zizi. Zizi kweli, lile la mawe, la duara, bondeni kwa bibi yake Dagný, ambako kila Septemba kondoo walioachwa mlimani kiangazi kizima hushushwa na kugawanywa, kila mtu na wake. Mwaliko ulisema: njoo na sweta la sufu, koti la mvua, na magoti yako mwenyewe. Zawadi hatutaki. Jumamosi kila mgeni atapewa kipande cha mlima. Jumapili, kondoo wakishaingia zizini, tutaoana.

Kuna watu hualikwa kula. Sisi tulialikwa kufukuza mnyama.

Tulimkuta Bibi Ingveldur jikoni kwake anakoroga supu ya nyama kwenye sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuvuka mto. Bondeni kule yeye ndiye Mfalme wa Mlima, maana yake ndiye anayewapanga watu siku ya kushusha kondoo, na neno lake halijibiwi. Mgeni mmoja aliwahi kumwita Malkia kwa heshima zote; alipangiwa kinamasi.

Dagný akambusu bibi yake, Bergur akampa mkono na kuomba radhi kwa matope ya viatu vyake, ingawa viatu alishavivua mlangoni. Ndivyo alivyo Bergur. Akijigonga kwenye mlango, anauomba mlango msamaha. Mjini kazi yake ni kupima watu macho na kuwatengenezea miwani, na mwenyewe anavaa miwani mizito kama vitako vya chupa.

Tulipokaa mezani, Bibi akayasema bila kuzunguka.

"Magoti yangu yamechoka. Shamba hili nataka kuwaachia nyinyi wawili. Nyumba, malisho, kondoo, vyote. Dagný namjua, amezaliwa ndani ya kinyesi cha kondoo."

"Asante, Bibi," akasema Dagný.

"Lakini huyu bwana wako simjui. Kesho nawapa upande wa mashariki, yeye na marafiki zake wa mjini. Wasimame, wasiache mwanya. Kondoo humsamehe mjinga. Mzembe hamsamehi. Mwanya ukitokea upande wenu, oaneni mtakavyo, supu nitawapikia, ila malisho nampangishia Ketill."

Ketill alikuwa jirani, mzee mpole mwenye ndevu za kijivu, na wakati huo alikuwa palepale mezani na kijiko mdomoni. Akatuinulia kijiko kidogo, kama mtu anayeomba asihusishwe.

Nikamtazama Dagný. Uso ulikuwa umemkaza. Wao wawili walishaacha kazi mjini, nyumba ya kupanga walisharudisha funguo, na vyombo vyao vyote vilikuwa kwenye gari nje, kabati la nguo limefungwa juu kwa kamba. Hawakuwa na pa kurudi. Nikaona ni wakati wa rafiki kusema neno.

"Bibi, kuwa na amani," nikasema. "Kondoo hajazaliwa wa ku—"

"Huyu nani?"

"Rafiki yangu Sölvi," akasema Bergur.

"Huongea hivi siku zote?"

"Akiwa macho, ndiyo."

Asubuhi ya Jumamosi tulipandishwa mlimani kwa trekta, tumepangwa kwenye tela kama magunia ya viazi. Mvua ilikuwa ile yetu ya pembeni, ambayo haianguki bali inakuja kukutafuta. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Watu wanajipanga mstari kuanzia juu mpaka chini, kila mmoja anamwona mwenzake, kisha wote wanateremka polepole wakipiga kelele na kondoo wanatangulia. Sisi wa mashariki tulitakiwa kufika kwenye minara ya mawe, yale marundo ya alama za mlimani, tusimame pale, na tusibanduke mpaka Bibi apulize filimbi, kwa sababu watu wa Ketill walikuwa wakileta kundi jingine kutoka ng'ambo, na wakifika kabla hatujaziba, kondoo wangepenya warudi juu.

Kulia kwangu kulikuwa na jabali ambalo hata ndege hulifikiria mara mbili. Kushoto kwangu, Bergur. Kwa hiyo pale palikuwa pangu na pa Bergur, basi.

"Sölvi!" akaniita kutoka kwenye mnara wake. "Uko sawa?"

"Niko kama ukuta!"

"Samahani kwa mvua!"

"Si wewe uliyeileta, bwana!"

Kabla hatujaachana, Bibi alikuwa amenishika kola na kunionya habari za Frekja. Frekja ni kondoo jike mweusi, mwenye pembe moja, na ni kondoo kiongozi, wa ile mbegu ambayo huongoza wenzake kurudi nyumbani hata theluji ikiziba macho ya watu. Ana akili kuliko baadhi ya walimu wangu. Frekja akiteremka, kundi linateremka. Frekja akiona mwanya, anapita na kundi lake lote linampita mtu likimtazama kwa huruma. "Huyo ndiye wa kumwangalia," Bibi alisema. "Hao wengine ni sufu tu."

Basi nikasimama. Nikasimama vizuri sana, kwa muda ambao mtu yeyote mwenye haki angeuita mrefu. Maji yakaingia kwenye kola, yakashuka mgongoni, yakajaa viatuni yakakaa. Filimbi kimya. Kondoo hakuna. Na chini kidogo ya mnara wangu, umbali wa kutupa jiwe kwa mkono mvivu, palikuwa na dimbwi la maji ya moto linafuka mvuke taratibu, kama sufuria ya mtu anayekupenda.

Nikajiuliza: mlinzi aliyeganda anamlinda nani? Na kutoka dimbwini mtu si anaona njia yote ya kondoo, tena vizuri zaidi, kwa sababu hatetemeki? Hoja zilikuwa nzito. Nikashindwa kuzijibu, nikavua nguo.

Hapa nataka nieleweke. Nilikuwa kazini. Ni kweli mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba vidole vya miguu yangu nilivijua kwa kumbukumbu tu, lakini masikio yangu yalikuwa wazi, na hakuna kilichopita. Narudia, hakuna kilichopita.

Ndani ya maji alikuwemo mtu mwingine, mama mtu mzima, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, macho kafumba, midomo inachezacheza kama anatafuna kitu. Nikamsalimia, hakujibu. Nikajua ni mtalii. Basi nikamweleza habari zetu, kama mtu anavyoongea na paka: habari za harusi, za mvua, za ukoo wetu na kondoo. Hakusema neno. Nilimpenda sana. Watu wanaojua kusikiliza wamebaki wachache.

Filimbi ilipolia nilitoka majini kama nimeumwa. Sweta nililivaa ndani nje, soksi moja sikuiona, nikakimbia mpaka mnarani na kuanza kupiga kelele kwa nguvu zote za mtu aliyelala vizuri. Kondoo walikuwa wanashuka kutoka kila upande, mto mzima wa sufu, na sisi nyuma yao tukiimba. Bergur alinipungia mkono, maji yanamchuruzika puani. Alikuwa na furaha ya mtoto.

Kondoo walipofika kwenye uwanja wa chini wa kulala, Bibi Ingveldur hakuhesabu. Alitupa jicho mara moja tu.

"Frekja yuko wapi?"

Ketill akapanda juu kwa farasi, akarudi akiwa amenyong'onyea. Nyayo mpya, akasema. Kundi lake zima limerudi juu, upande wa mashariki, kati ya jabali na mnara wa bwana harusi.

"Nani aliacha mwanya?"

Macho yote yakatugeukia, mimi na Bergur. Na mdomo wangu, ambao una kawaida ya kutangulia, ukatangulia.

"Mimi sikubanduka," ukasema.

Bergur akanitazama. Hakunitazama kwa shaka, ningalivumilia. Alinitazama kama mtu anayesoma mzani na kuukubali.

"Kama Sölvi hakubanduka," akasema taratibu, "basi ni mimi. Miwani ilijaa maji, nikawa naifuta kila mara. Lazima alipita wakati naifuta. Nisamehe, Bibi."

"Kondoo mzima," akasema Bibi Ingveldur. "Mweusi. Na pembe. Na ukoo wake nyuma. Na wewe mjini unalipwa kupima watu macho?"

Watu wengine walicheka. Dagný hakucheka. Alinikamata nyuma ya banda la trekta, akanibana ukutani kwa kiganja kimoja.

"Sölvi. Bergur hawezi kuacha mwanya. Yule hata kwenye foleni ya benki husimama mpaka watu wanamdhania sanamu. Niambie ukweli. Uliondoka?"

"Ilikuwa mvua, Dagný, na mawingu, na—"

"Uliondoka?"

"Mimi? Kondoo hajazaliwa wa—"

"Ukimaliza hiyo sentensi nakutumbukiza kwenye pipa la dawa ya kupe."

"Sikubanduka," nikasema, kwa sababu uongo ukishapanda ngazi ya kwanza, kushuka ni aibu, na ngazi ya pili iko karibu.

Akaniachia. "Basi tumekwisha," akasema, si kwangu hasa, akaenda zake kusimama kando ya gari lenye kabati la nguo.

Jumapili mvua ilikatika, na bonde zima likajaa magari, watoto, na chupa za brennivín, pombe yetu kali, zinazotembea kutoka mkono hadi mkono. Mapema tu vijana wa Ketill walirudi mlimani kwa farasi, wakamkuta Frekja, au yeye akawakuta wao. Aliingia zizini mbele ya wenzake, kichwa juu, kama anakuja kukagua. Nikamwambia Bibi Ingveldur, kwa furaha ya kweli, "Si unaona, Bibi, amerudi!"

"Kondoo amerudi," akasema. "Imani haijarudi."

Kisha tukaanza kugawa. Unamkamata kondoo pembe, unambana kati ya miguu yako, unaangalia alama ya sikio, unamburuta mpaka kwenye chumba cha mwenyewe pembeni mwa zizi. Sitasimulia habari za dume la kondoo la Ketill ambalo nililibana kati ya miguu na ambalo lilikuwa na safari zake. Itoshe kusema nililizunguka zizi lote nimekaa kinyumenyume, na wazee wakanishangilia kwa majina ya farasi maarufu wa bonde.

Katikati ya zizi, kwenye matope hayohayo, wakasimama Bergur na Dagný kuoana. Dagný alikuwa na gauni jeupe alilolichomeka ndani ya suruali ya mpira. Bergur alivaa suti na viatu vya mvua, na alijaribu kutabasamu, lakini alikuwa na sura ya mtu anayeaga. Ndipo mchungaji wa kanisa alipofika, juu ya farasi, kutoka bonde la pili, joho jeusi na kola nyeupe ya mikunjo shingoni. Mchungaji Hallbera. Sikuwahi kumwona.

Nilikuwa nimemwona. Aliposhuka kwenye farasi na kufungua kitabu chake, midomo yake ikaanza kuchezacheza vilevile, kama anatafuna. Hakuwa akitafuna jana. Alikuwa akikariri mahubiri.

Damu yangu yote ya wafugaji ikashuka kwenye soksi. Nikajifariji haraka: wachungaji wana kiapo. Wameficha mauaji, watashindwa kuficha kuoga?

Mahubiri yalikuwa ya yule kondoo aliyepotea, na mwenye kondoo aliyewaacha wengine wote akaenda kumtafuta. Watu wanalijua fungu hilo kuliko majina yao. Lakini yeye akafika katikati akafunga kitabu.

"Maandiko hayatuambii," akasema, "yule mwenye kondoo alikuwa wapi wakati kondoo anapotea. Nimejiuliza sana jambo hili. Hasa tangu jana."

Akanitazama. Nikaangalia mbinguni, kama mtu mwenye mashaka ya kiroho.

Bergur aliposema "ndiyo," kondoo wote waliokuwa vyumbani wakalia kwa pamoja, watu wakacheka mpaka machozi, na hata Dagný akacheka, akambusu, na kwa kitambo kidogo ikawa harusi kama harusi. Tukaimba. Tukaingia ghalani kwa kahawa, supu na maandazi ya kusokotwa.

Hapo Bibi Ingveldur akasimama, akagonga kikombe kwa kijiko.

"Nilisema neno Ijumaa. Mimi si mtu wa maneno mawili. Nawapenda hawa wawili, lakini malisho atayachukua Ketill. Mlima hausomi cheti cha ndoa."

Ketill akainamia supu yake mpaka ndevu zikaingia. Bergur akasema, "Ni haki, Bibi. Samahani." Dagný alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na kukitazama ndani, kana kwamba nyumba yake imezamia humo.

Na aliyefuata kuzungumza, kwa mujibu wa utaratibu wa sherehe, nilikuwa mimi. Rafiki wa bwana harusi. Nilikuwa na hotuba tayari, imejaa mizaha juu ya miwani. Nikasimama. Ghala lote likanigeukia, na Bergur, jamani, Bergur akanitabasamia, akanionyesha dole gumba ili nisiogope.

Sikuweza kuifanyia miwani mzaha.

"Kuna jambo," nikasema. "Kuhusu jana. Haiwezekani kosa likawa la Bergur peke yake. Inawezekana… na mimi pia nilisogea. Kidogo. Kitambo kidogo sana. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Kwangu mimi huo ulikuwa ukweli mkubwa kupita kiasi. Nilitegemea makofi.

Mchungaji Hallbera akakiweka kikombe chake chini.

"Kamba ya kiatu," akasema.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Nisaidie, mwanangu, mimi mtu mzima, macho yangu huyu bwana harusi ndiye anayeyapima. Kiatu kipi? Nilivyokuona mimi, hukuwa hata na soksi."

Kijiko cha mtu kikaanguka. Ketill akainua ndevu kutoka kwenye supu.

"Mchungaji," nikamnong'oneza, ingawa ghala zima lilikuwa limenyamaza kusikiliza, "yale ya kwenye maji si siri?"

"Siri ni yale unayoungama. Wewe hukuungama kitu. Ulinieleza tu jinsi ulivyo hodari, kwa muda mrefu, nami najaribu kukariri mahubiri. Hili halikusemwa. Hili nimeliona." Akamgeukia Bibi Ingveldur. "Huyu Bergur alikuwa kwenye mnara wake tangu nafika mpaka naondoka, Ingveldur. Miwani anaifuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili kaunyoosha kuziba njia. Nilimhurumia. Nilidhani mmepanda mti."

Bibi Ingveldur alimtazama Bergur muda mrefu. Kisha akamtazama Ketill.

"Mimi," akasema Ketill haraka, na ndilo neno lake la kwanza siku nzima, "malisho yangu mwenyewe, na mawe yake, yananitosha."

"Bergur," akasema Bibi, "kesho asubuhi anza na ule uzio wa chini. Umelala."

"Samahani, Bibi," akasema Bergur, kwa mazoea, na Dagný akamrukia shingoni, kahawa ikamwagika yote, na ghala likalipuka kwa kelele kiasi kwamba nikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni.

"Wewe." Sauti ya kuvuka mto. "Simama hapo. Hukumwona Frekja?"

"Bibi, naapa, mbele ya watu hawa wote," nikasema, mkono kifuani. "Mvuke ulikuwa mzito. Hata mkono wangu sikuuona. Ningemwona ningetoka vilevile nilivyozaliwa nikamzuia. Hakupita kwangu!"

"Mvuke?" akasema Mchungaji Hallbera. "Upepo ule? Alipita ukingoni kabisa, pembe yake juu, na wenzake nyuma yake mstari mmoja. Nikafungua jicho nione utafanya nini. Ukautoa mkono majini, ukampungia, ukamwambia, 'Pita tu, mama, hapa hakuna mtu.'"